Sukuma Polepole

Metrine alimwona Josphat kabla Josphat hajamwona. Alikuwa amesimama kando ya gari nje ya uwanja wa ndege wa Jeddah, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, macho yake yameng'ang'ania mlango ambao Metrine na waajiri wake hawakuutokea. Alikuwa amekonda. Nywele amezikata karibu na ngozi, na ile shingo ambayo Metrine alizoea kuitazama kutoka kiti cha nyuma ilionekana ndefu kuliko alivyoikumbuka.

"Yusuf," Mzee aliita kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Miaka yote ile hakuwahi kulipatia jina la Josphat, na Josphat hakuwahi kumsahihisha.

Josphat akageuka. Alimwamkia Mzee kwa Kiarabu na kumbusu begani, akamsalimia Madam Hind bila kumkazia macho, akaanza kupakia mizigo. Mwisho kabisa, alipoinama kukunja kile kiti karibu na miguu ya Metrine, akasema kwa sauti ya chini, "Habari za Riyadh?"

"Riyadh iko," Metrine akajibu.

Hayo ndiyo waliyoweza kuambiana baada ya karibu mwaka mzima wa kutoonana.

Metrine alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa Madam Hind, mtaa wa Al-Suwaidi, magharibi mwa Riyadh. Kazi yake kubwa ilikuwa kumtunza Mzee, baba yake madam: dawa zake, supu yake, na kumtuliza alipoamka akimtafuta mkewe ambaye alikuwa amekwisha kufa. Josphat alikuwa dereva wa nyumba hiyo hiyo. Wote wawili walikuwa watu wa Bungoma, Metrine wa upande wa Webuye na Josphat wa Kimilili, lakini ilibidi wafike Uarabuni ndipo wafahamiane, kwenye safari za kumpeleka Mzee hospitali. Mzee alikuwa akisinzia kabla hawajafika barabara kuu, na hapo mazungumzo yakaanza. Kwanza yalikuwa ya nyumbani tu, mvua na mahindi na nani ameaga dunia. Kisha Josphat akazoea kupitia Al-Dirah, kwenye duka la Mganda mmoja, kumnunulia unga wa ugali. Kisha siku moja taa za barabarani ziliwaka kijani na Josphat hakuondoa gari, kwa kuwa alikuwa akimtazama kwenye kioo. Magari ya nyuma yakapiga honi, Mzee akaamka akitukana, nao wakacheka mpaka wakafika nyumbani bado wanacheka.

Madam Hind alikuwa getini. Aliwaona wakicheka. Haukupita muda, kaka yake wa Jeddah, Bosi Turki, akawa anahitaji dereva, na Josphat akaambiwa afunge begi lake. Halas, yakaisha.

Tangu hapo walikuwa wakipendana kwa simu. Metrine alijifunza kupika huku kifaa cha masikioni kimefichwa chini ya mtandio, akisikiliza Jeddah ikipita kwenye dirisha la Josphat. Josphat alimwambia kuhusu bahari. Alimwambia kwamba nyumba ya Bosi Turki haina mtu wa kucheka naye. Alimwambia, mwisho, kwamba anataka kumwoa.

Lakini umbali haukuwa tatizo lao kubwa. Josphat alikuwa na kaka mmoja tu, Morgan, fundi wa kuchomelea vyuma, na Morgan ndiye aliyekuwa amemwoa Sellah, dada mkubwa wa Metrine. Metrine alikuwa shule ya bweni wakati huo, na Josphat alikuwa akitafuta maisha Mombasa, kwa hiyo hawakuwahi kuonana. Walipogundua wao ni nani walikuwa wamekwisha kufika mbali. Morgan alimfukuza Sellah akiwa na mtoto wao Ashley mgongoni na mwingine tumboni, akaleta mwanamke mwingine nyumba ile ile, kitanda kile kile. Sellah alirudi kwa mama yao, Mama Rispah, na huko ndiko alikokuwa mpaka sasa.

Mama Rispah alipopata habari za Josphat hakupiga kelele. Alisema jambo moja tu kwenye simu, na Metrine alilibeba kama jiwe ndani ya kiatu. "Kwa watu wale nilitoa mtoto mmoja," mama yake alisema. "Walinirudishia nusu. Sitoi mwingine."

Safari ya Misri ilitokana na ubishi wa Mzee. Alikuwa amempeleka mkewe kwenye Mto Nile mara walipooana, na sasa aliapa hatakufa kabla hajauona tena. Madam Hind na Bosi Turki wakakubali kwenda naye kwa meli ya watalii, kutoka Luxor hadi Aswani. Mtu wa kumlisha alijulikana. Mtu wa kumbeba, Madam Hind alitaka kumkodi huko huko Misri, na Mzee akakataa. Ama Yusuf, ama hatoki. Madam alimtazama Metrine kwa muda siku ile, kisha akaenda kushughulikia viza.

Meli ilikuwa kama nyumba ya ghorofa iliyolazwa juu ya maji. Metrine alilala chumba kimoja na Madam Hind, Josphat alilala na Mzee, na kati ya vyumba hivyo kulikuwa na ujia wenye zulia jekundu ambao Metrine aliupita mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Asubuhi ya kwanza walikwenda hekalu la Karnak. Misri aliyoijua Metrine ilikuwa ya Biblia, ya Firauni na Musa na nzige, iliyosimuliwa na mwalimu wa Jumapili kwa picha za kubandika. Hakutarajia nguzo. Zilikuwa nyingi kama miti ya msitu, nene kiasi kwamba familia nzima ikishikana mikono isingeizunguka moja, zimechorwa kutoka chini mpaka kule juu ambako jua lilikuwa likipenya vipande vipande. Alisimama mdomo wazi. Alipogeuka kumwonyesha mtu, mtu aliyekuwepo alikuwa Josphat, naye hakuwa anatazama nguzo.

Madam Hind na Bosi Turki walitangulia na kiongozi wao, Mmisri mwembamba mwenye kofia aitwaye Ustadh Wagdi. Mawe ya njia hayakuwa sawa, magurudumu ya kiti yalikwama, na kidogo kidogo wakaachwa nyuma.

"Sukuma polepole," Metrine akasema.

Josphat akasukuma polepole. Mzee katikati yao alikuwa akisimulia kwa Kiarabu, bila kujali kama anasikilizwa, kwamba mkewe alichafukwa na tumbo siku ya kwanza kwa ajili ya samaki, na kwamba waligombana safari nzima. Yeye Mzee alisema samaki hakuwa na kosa. Mkewe akakataa kupiga picha. "Hata picha moja hatuna," Mzee alisema. "Ningepewa siku moja ya ugomvi ule, ningeichukua."

Josphat alingoja mpaka Mzee aliponyamaza. Kisha akamweleza Metrine kwamba ikama yake, kibali chake cha kuishi Saudia, inaisha, na kwamba amekwisha kumwambia Bosi Turki hataendelea. Disemba anarudi nyumbani moja kwa moja. Ana kiwanja Kimilili, amejenga vyumba vya kuanzia.

Metrine alihisi furaha na hofu zikimjia pamoja, asijue ipi aishike. Alimweleza kwamba madam amemwomba aahirishe likizo yake ya Disemba, kwa kuwa Mzee hakubali kula kwa mkono wa mtu mwingine, naye hakukataa.

"Hukukataa," Josphat alirudia.

"Ningekataa niende wapi? Nyumbani Mama anajua kila simu ninayokupigia. Nikishuka kwenye ndege nikuambie njoo, uje uketi wapi? Kwenye kiti kipi pale kwetu?"

Josphat akasukuma kiti mbele. Ustadh Wagdi alikuwa akiwapungia mkono waharakishe.

Meli iliondoka Luxor adhuhuri. Kwenye malango ya maji ya Esna, yanayopandisha meli moja moja, ilisimama kungoja zamu, na wachuuzi wakaizunguka kwa mitumbwi, wakirusha kanzu na vitambaa vya meza hadi sitaha ya juu, wakipaza sauti watu wachague. Furushi moja likamwangukia Metrine kifuani. Ndani mlikuwa na shela ya buluu. Mchuuzi kutoka chini alimnyoshea kidole Josphat, akamwambia amtazame mkewe alivyopendeza, ni mume gani atakayemnyima. Madam Hind alikuwa ameketi karibu na kikombe chake cha chai. Metrine akaikunja shela upesi na kuirudisha, uso ukimwaka, na Josphat akaitupa chini kwa mchuuzi. Lakini neno lile, mke, lilikuwa limekwisha kusemwa, mbele ya watu, mchana, na wala mbingu haikuanguka. Metrine alikwenda nalo chumbani. Alilijaribu kwa midomo bila sauti.

Siku iliyofuata walikwenda hekalu la Edfu. Lango lake lilikuwa refu kama ukuta wa mlima, na mbele ya mlango alisimama ndege wa jiwe jeusi, kipanga mwenye taji, mkubwa kuliko mtu, na macho ya kudharau. Ustadh Wagdi akawaketisha kivulini akawasimulia. Watu wa kale waliamini kwamba huyu, Horus, alikuwa na mke, Hathor, aliyekuwa na hekalu lake mbali huko Dendera, nyuma walikotoka, upande maji yanakoelekea. Hawakuishi pamoja. Mara moja kwa mwaka makuhani walimpakia mke huyo kwenye jahazi lake wakamleta mtoni hadi hapa, na watu wa kila mji walishuka kandokando kumshangilia anapopita. Alikaa na mumewe siku za karamu, kisha akarudishwa kwake, mpaka mwaka mwingine.

"Mara moja kwa mwaka," Josphat alimnong'oneza Metrine kwa Kiswahili. "Sasa huyo mungu mzima naye alikuwa na kafili gani, bosi wa kumnyima ruhusa?"

Metrine alicheka kabla hajajizuia. Madam Hind akageuza kichwa. Kicheko kikamfia Metrine mdomoni, akainama kumfuta Mzee jasho ambalo halikuwepo.

Walipokuwa wakirudi, kiti kikiwa kwenye kivuli cha ukuta uliojaa michoro ya majahazi, Josphat akamuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa na mtu. Kila siku wanazungumza habari za mama. Mama amekataa, mama amesema, mama amelia. Je, amewahi kumuuliza Sellah mwenyewe?

Hakuwahi. Alitafuta sababu akakuta hana, isipokuwa moja, nayo ilikuwa aibu. Aliogopa kuisikia sauti ya dada yake akisema sawa huku anaumia.

Alasiri, meli ikiwa inapanda mto kuelekea Kom Ombo na madam amelala, Metrine alipanda sitaha ya juu. Kingo zilikuwa karibu: migomba, mashamba ya miwa, wanawake wakifua, ng'ombe wamesimama majini hadi magoti. Palifanana na nyumbani. Akapiga simu.

Sellah alipokea akiwa jikoni. Metrine alisikia ufagio, na Ashley akisoma kwa sauti. Walisalimiana, wakaulizana habari za mama na za Misri, kisha Metrine akalisema lote bila kupumzika, Josphat na Al-Suwaidi na Jeddah na kiwanja na Disemba. Ufagio ulikuwa umenyamaza.

"Nilijua," Sellah akasema baadaye. "Mama hajui kunong'ona. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kwamba nitakataa?"

"Kwamba utakubali kwa ajili yangu."

"Nisikilize, Metrine. Josphat sina neno naye. Hakunikosea. Lakini siku watakayokuja kuuliza uchumba, kaka yake akiingia kwa mlango ule, aketi kiti cha wageni, mimi niletewe kazi ya kumpikia chai, hiyo siwezi. Nitaondoka na watoto wangu niende nisikojua. Mwambie aje bila Morgan. Akija bila Morgan, mimi mwenyewe nitazungumza na Mama."

"Ni kaka yake wa pekee."

"Najua. Na mimi ni dada yako. Usinifanye mimi sababu ya kukosa mume, na usinifanye kitu cha kurukwa ukienda kwa huyo mume. Ni hayo tu." Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama ni kweli mto wenyewe ndio huo wa Musa, maana Ashley anataka kujua kama kuna matete.

Metrine alitazama ukingoni. "Mwambie yapo," akasema, na machozi yakamtoka.

Hakupata nafasi ya kumweleza Josphat mpaka Aswani, kwenye hekalu la Philae. Lilikuwa juu ya kisiwa, na ilibidi wavuke kwa motaboti. Josphat alimbeba Mzee mgongoni kutoka gatini, Metrine akiburuta kiti nyuma yao, akimwambia ashikilie vizuri, na Mzee akamwambia kwamba hata farasi aliyempanda ujanani hakuwa na mgongo kama ule. Ustadh Wagdi alieleza kwamba hekalu lile halikuwa mahali hapo zamani. Bwawa lilipojengwa, maji yalilifunika, ikabidi libomolewe jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kisiwa kingine. Metrine aliishika ile nguzo ya karibu. Ilikuwa na joto la jua, imara, kana kwamba haijawahi kusogezwa.

Mzee aliomba aachwe kivulini atazame maji. Wengine waliingia ndani. Ndipo Metrine akamwambia Josphat maneno ya Sellah, yote, bila kuyapunguza makali.

Josphat alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amechuchumaa, akichora mchangani kwa kijiti, na kijiti kikavunjika.

"Unajua Morgan ni nani kwangu," akasema.

Alijua. Baba yao alipofariki Morgan aliacha shule ashike mashine ya kuchomelea, ili Josphat asiache. Macho yake yaliharibika kwa moto ule kabla hajafika miaka thelathini.

"Ninajua," Metrine akasema.

"Basi unaniambia nimkatae mbele ya watu. Mwanamume anakwenda kuuliza mke na kaka yake amekaa nyumbani, mzima. Kila mtu atauliza."

"Waulize. Sellah ameulizwa mara ngapi? Kanisani, sokoni, kwenye matanga. Morgan ameulizwa na nani?"

"Hayo ni ya Morgan na Sellah. Mimi na wewe tumeingiaje?"

"Tumeingia kwa sababu unataka kunitoa nyumba ile ile dada yangu aliyoirudia akilia. Josphat, mimi sikuombi umchukie kaka yako. Nakuomba siku moja tu mtu wa kwenu aseme kwamba dada yangu alikosewa."

Josphat alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alimtazama kama mgeni. "Na mimi nilidhani umekuja na habari njema," akasema, akaenda kushika mpini wa kiti, akamgeuza Mzee kuelekea gatini ingawa hakuna aliyewaita.

Siku iliyobaki hawakusemezana. Kwenye ndege ya kurudi Jeddah Metrine aliketi dirishani, akautazama mto ukiwa mwembamba kama uzi wa kijani katika mchanga, mpaka ulipopotea. Alikuwa amemngoja mwaka mzima. Alikuwa amepewa mto mzima na mahekalu yake, akautumia kumpoteza.

Walilala nyumbani kwa Bosi Turki, na baada ya chakula cha mchana Josphat akawapeleka uwanja wa ndege ili warudi Riyadh. Mzee aliketi mbele. Madam Hind na Metrine walikaa nyuma. Gari lilipita kando ya bahari, na Metrine aliiangalia ile bahari aliyosimuliwa kwenye simu miezi yote ile, akaona ni maji tu.

Simu ya Josphat ikalia kwenye spika za gari. Kwenye kioo kidogo cha katikati ya dashibodi jina lilisomeka: Morgan.

"Ni nani?" Mzee akauliza.

"Ni kaka yangu, Baba. Nilimtafuta asubuhi sikumpata. Nitampigia baadaye."

"Mjibu," Mzee akasema. "Mtu wa nyumbani haambiwi baadaye."

Madam Hind alikuwa akitazama simu yake mwenyewe, akatoa ishara ya mkono kwamba haijalishi. Josphat akainua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Metrine tangu Philae. Kisha akabonyeza kitufe, na sauti ya Morgan ikajaa garini, pamoja na mlio wa mashine ya kuchomelea.

"Nimeona simu zako. Kuna shida?"

"Hakuna shida, kaka. Disemba narudi nyumbani."

Morgan alifurahi. Alianza kusema habari za kuchinja, na nani ataalikwa. Josphat alimwacha amalize.

"Nakuja kuoa," akasema. "Metrine. Binti wa Mama Rispah."

Mlio wa mashine ukazimika. Ndani ya gari lile watu wawili tu walikuwa wakielewa Kiswahili, na mmoja wao alikuwa ameshika begi la dawa mapajani kwa mikono yote miwili.

"Dada ya Sellah," Morgan akasema.

"Ndiyo. Nitakwenda kuuliza kwao. Na siku hiyo, kaka, wewe hutakuja."

"Sijakusikia."

"Umenisikia. Nitakwenda na Mjomba Lewis na wazee wawili wa kanisa. Wewe utabaki."

"Nani alikusomesha, Josphat?"

"Wewe."

"Nani aliuza ng'ombe wa marehemu ukapata leseni hiyo unayoendeshea Waarabu?"

"Wewe. Sijasahau, na nikishuka Disemba, kwako ndiko nitakakoweka mizigo yangu. Lakini boma lile ulitoka vibaya. Ashley anasoma sasa, na hajui sauti yako. Ulimkosea mama yake, kaka, na sisi wote tulinyamaza. Siwezi kuingia pale wewe ukiwa mbele yangu."

"Ni huyo msichana amekufundisha kusema hivi."

Taa zilikuwa nyekundu. Josphat alisimamisha gari. "Yeye aliniambia neno moja, nami nikamkasirikia," akasema polepole, kama anayetaka kila silabi ifike. "Nilikosa usingizi kwa ajili ya neno hilo. Haya mengine ni yangu."

Metrine alimsikia Morgan akipumua, mbali huko Kimilili, na katika pumzi ile alisikia pia mtu aliyechoka, mwenye macho mabovu, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea.

"Basi nenda," Morgan akasema. Haikujulikana kama ilikuwa baraka au laana. Simu ikakatika.

"Kaka yako hajambo?" Mzee akauliza.

"Hajambo, Baba. Amekasirika kidogo."

Mzee akatikisa kichwa na kusema ndugu hukasirika, kisha akasinzia. Metrine aligeukia dirisha. Alilia bila sauti, kama alivyojifunza kulia katika nyumba za watu, na alipomaliza akajifuta kwa ncha ya mtandio kabla madam hajainua macho. Alitamani kunyoosha mkono aiguse shingo ile mbele yake. Ilikuwa karibu sana. Angeweza kuhesabu vinyweleo.

Walifika. Josphat alifungua kiti, akamketisha Mzee, akarudi nyuma ya gari kutoa mabegi. Baada ya hapo ingekuwa Riyadh tena, na jiko la Al-Suwaidi, na sauti masikioni. Metrine alimwona akiinua begi la mwisho, na akajua kwamba amejibiwa mbele ya watu kwa lugha wasiyoielewa, na kwamba yeye pia ana lugha yake ya kujibia.

"Madam," akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kutosha kufika nyuma ya gari. "Ile likizo yangu ya Disemba. Siwezi kuiahirisha."

Madam Hind akavua miwani ya jua. "Tulizungumza. Kwa nini sasa?"

"Naolewa."

Nyuma ya gari begi halikuwekwa chini. Josphat alisimama nalo mkononi kama lisilo na uzito.

"Na nani?" madam akauliza, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda na kurudi. Alimtazama dereva, akamtazama Metrine. Watu walikuwa wakiwapita na mikokoteni ya mizigo. "Tangu Riyadh," akasema.

"Tangu Riyadh, madam."

"Na baba yangu atakula kwa mkono wa nani?"

"Nitamfundisha mtu kabla sijaondoka. Nitamfundisha vizuri."

"Kisha utarudi?"

Angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, na kila mtu angepumua. "Sijui, madam," akasema.

Madam Hind akavaa miwani yake. Metrine alingoja hasira, alingoja kuambiwa kwamba mkataba ni mkataba. Badala yake madam alishika mpini wa kiti cha baba yake, jambo ambalo Metrine hakuwahi kumwona akilifanya, akakigeuza kwa shida kuelekea mlangoni. "Leta mabegi," akasema bila kugeuka, na akaenda.

Josphat alimletea begi. Hawakuweza kugusana, kulikuwa na watu kila upande, na askari wa magari alikuwa akija upande wao. Alimnyoshea mpini, naye akaupokea. Vidole vyao havikukutana, lakini mikono yote miwili ilikuwa kwenye mpini mmoja, na Josphat hakuuachia mara moja, naye Metrine hakuuvuta.

"Disemba," Josphat akasema.

"Nenda kwanza kamwone Morgan. Usikae naye kwa ubaya."

"Nitamwona."

"Basi Disemba."

Akaachia. Metrine alivuta begi kuelekea kwenye milango ya vioo, akihisi macho ya Josphat mgongoni kila hatua, na alipofika akageuka. Gari lilikuwa bado pale pale, mlango wa dereva wazi, na askari alikuwa amesimama mbele yake akilipigia firimbi.